Nyumba yako inakula kiasi gani? Kuandika matumizi kabla ya kustaafu

Mtumishi wa miaka 57 atakutajia tarehe yake ya kustaafu bila kupepesa, na mara nyingi makadirio ya mkupuo wake pia. Muulize nyumba yake inakula shilingi ngapi kwa mwezi, atakwambia "inategemea". Jibu hilo linavumilika mshahara ukiwa unaingia, kwa sababu mwezi ukikaza kuna pa kukopa na kuna mshahara unaofuata wa kuziba pengo. Kwenye pensheni halivumiliki. Mwongozo huu umeandikwa kwa aliyebakiza miaka mitatu hadi kumi kazini Tanzania, awe mwanachama wa mfuko wa pensheni wa PSSSF au NSSF, ingawa sehemu kubwa inamhusu hata mwenye genge au shamba.

Jua kwanza unashuka kutoka wapi hadi wapi

Kustaafu kwa hiari kunaanzia miaka 55, kwa lazima ni 60. Pensheni kamili ya mwaka hupatikana hivi: idadi ya miezi uliyochangia, mara wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho, kisha gawa kwa 580. Sehemu ya pensheni hiyo huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo, na iliyobaki hugawanywa kwa 12 na kuwa pensheni ya kila mwezi. Kwa mabadiliko yaliyotangazwa kwenye bajeti ya 2024/25, mkupuo ni asilimia 40 kwa waliokuwa kwenye mifuko iliyokuwa ikilipa 50, na asilimia 35 kwa waliokuwa kwenye ile iliyokuwa ikilipa 25.

Chukulia mtumishi wa mshahara wa Sh 1,200,000 aliyechangia miezi 360. Pensheni kamili ya mwaka ni Sh 8,937,931. Akiwa kundi la 40, anapata mkupuo wa Sh 44,689,655 na pensheni ya Sh 446,897 kwa mwezi. Akiwa kundi la 35, mkupuo ni Sh 39,103,448 na pensheni Sh 484,138.

Sasa tazama anachopokea leo. Kwenye 1,200,000 hukatwa 60,000 za PSSSF (asilimia 5), 36,000 za bima ya afya ya NHIF (asilimia 3), 170,000 za kodi ya mapato na 24,000 za chama cha wafanyakazi kama ni asilimia 2. Mkononi zinabaki Sh 910,000, kabla ya mkopo wowote. Kwa hiyo mtu huyu anatoka 910,000 na kwenda 447,000. Watu wengi hulinganisha pensheni na mshahara ghafi, wanaogopa kupita kiasi au wanakata tamaa. Cha kulinganisha ni matumizi ya nyumba, na hayo hayamo kwenye karatasi ya mshahara. Yanatafutwa.

Kifaa na siku ya kuanza

Chukua kaunta buku la kwaya mbili kwa ajili ya nyumba, na kidaftari kidogo cha kuingia mfukoni au kwenye pochi. Programu za simu zipo na baadhi ni nzuri, lakini simu ikiisha chaji au ikiibwa kumbukumbu za miezi minane zinakwenda nayo. Ukipenda simu, tumia simu kukusanya na daftari kuhifadhi.

Anza siku mshahara unapoingia, si tarehe moja. Mwezi wa matumizi katika nyumba nyingi huanza pesa inapoingia na kuisha inapokauka, na ukikata katikati utapata picha iliyopinda. Siku hiyo andika ukurasa wa kwanza: pesa taslimu ndani ya nyumba, salio la kila laini ya simu, salio la benki, unachodaiwa, unachodai. Bila ukurasa huu huwezi kukagua kitu baadaye.

Makundi yasizidi kumi. Ukiwa na makundi ishirini na tano, usiku wa tatu utakuwa unabishana na nafsi yako kama sabuni ya kuogea ni "usafi" au "nyumbani", na usiku wa saba utaacha. Haya yanatosha: chakula; umeme na maji; gesi na mkaa; nauli; simu na ada za miamala; tiba; michango; watoto na ndugu; mikopo; nyumba, mavazi na vile vya mara moja kwa mwaka. Ongeza mstari mmoja chini: haijulikani.

Dakika tano za usiku

Kazi yote iko hapa. Kila usiku andika vilivyotoka, kisha hesabu pesa taslimu iliyobaki. Siku moja inaweza kuonekana hivi:

Asubuhi mfukoni: 23,500
Mkate 1,800
Dagaa 2,000
Nyanya na vitunguu 1,500
Mafuta ya kupima, robo lita 1,500
Nauli, kwenda na kurudi 1,200
Bodaboda 2,000
Jumla 10,000, inatakiwa kubaki 13,500
Imebaki 12,300
Haijulikani 1,200

Zile 1,200 usizilazimishe zikae kwenye chakula ili hesabu ipendeze. Ziache zilipo. Mwisho wa mwezi jumlisha mstari wa haijulikani. Ikiwa chini ya asilimia 5 ya matumizi yote, daftari lako linaaminika. Ikizidi hapo, kuna mtu ndani ya nyumba anayetumia bila kuandika, au kuna kitu unachokionea aibu kukiandika. Bia, sigara, mkeka wa mechi za Jumamosi, chipsi za jioni, saluni: andika kwa alama yako mwenyewe kama hutaki wengine wasome, lakini andika.

Andika na kipimo pale inapowezekana, si bei peke yake. "Mafuta 1,500" haikwambii kitu. "Mafuta robo lita 1,500" inakwambia kwamba lita inakugharimu 6,000. Kama dumu la lita tano dukani ni 25,000, lita ni 5,000, na nyumba inayotumia lita tano kwa mwezi inatoa 5,000 bure kwa kununua kwa kupima. Ila usikimbilie dumu kabla ya kupima jambo jingine: nyumba nyingi dumu likiwa jikoni mkono unakuwa mzito. Andika tarehe ulipolifungua na lilipoisha. Likiisha siku ya 21 badala ya 30, faida yote imekaangiwa maandazi. Ndivyo ilivyo kwa sukari, unga na mkaa wa kopo dhidi ya gunia.

Kwa gesi, bandika kipande cha karatasi kwenye mtungi chenye tarehe ulipoufunga. Gawa bei kwa siku ulizotumia, upate gharama ya siku moja. Mtungi wa kilo 15 kwa kawaida una bei nafuu kwa kilo kuliko wa kilo 6, lakini unahitaji pesa nyingi kwa mkupuo mmoja, na mstaafu anayelipwa mara moja kwa mwezi lazima aupangie. Siku ya maharage iandikie alama ndogo. Utagundua mapema kama kuloweka usiku kucha kunakuongezea siku kwenye mtungi.

Simu ndiyo inayovuja

Pesa taslimu unaiona ikipungua. Ya kwenye simu inapungua kimyakimya, na ada huwa haziandikwi kabisa. Usihangaike kukariri viwango vya ada, vinabadilika. Fanya hivi: kwenye kila ujumbe wa muamala chukua salio la kabla, toa salio jipya. Hicho ndicho kilichotoka. Kiasi ulichokusudia kiandike kwenye kundi lake, na tofauti iende kwenye "simu na ada". Ukimtumia mama 30,000 na kumwekea ya kutolea, 30,000 ni ya ndugu, ya kutolea na ada ya kutuma ni za simu. Usizichanganye, kwa sababu unachotafuta ni kujua mtandao unakula kiasi gani peke yake.

Mwisho wa wiki pitia ujumbe zote kwa pamoja. Usifute hata moja kabla haijaandikwa. Kama kisanduku kimejaa, omba taarifa ya miamala kwenye menyu au aplikesheni ya mtandao wako.

Vitu vitatu hujitokeza hapa karibu kila nyumba. Cha kwanza, kutoa pesa kidogo kidogo mara nne kwa wiki badala ya mara moja. Kila kutoa kuna ada yake. Cha pili, kutoa kwa wakala ili ukalipe dukani taslimu wakati duka lina Lipa Namba. Cha tatu, mikopo midogo ya kukamilisha muamala na mikopo ya vocha. Hiyo ya tatu ni hatari kuliko zote kwa mstaafu, kwa sababu inakatwa pesa inapoingia tu kwenye laini, na mwezi unaanza ukiwa umeshapungua.

Bando nalo lina kundi hilohilo. Andika la siku, la wiki na la mwezi kwa alama tofauti. Mtu anayenunua la siku mara ishirini kwa mwezi huwa anadai hatumii intaneti sana.

Umeme: andika uniti

Kwenye risiti ya Luku kuna vitu viwili vya kuchukua, uniti ulizopata na makato. Nyumba ya kawaida hukatwa kodi ya jengo Sh 1,500 kila mwezi kupitia Luku. Kwa sababu hiyo ununuzi wa kwanza wa mwezi huonekana umepata uniti chache, na watu hudhani bei imepanda. Iandike 1,500 kwenye kundi la nyumba, si la umeme. Kama wewe ni mpangaji, kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Jumlisha miezi 12 umkate kwenye kodi ya pango mkikubaliana, ni 18,000.

Uniti zina maana kubwa kwa mtu wa matumizi madogo. Mteja wa kundi la D1 hununua uniti kwa Sh 100 kabla ya kodi na tozo, mradi asipite uniti 75 kwa mwezi. Akihamishiwa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, uniti ni Sh 292 kabla ya kodi na tozo. Mtu akistaafu hukaa nyumbani mchana kutwa, feni inazunguka, redio na televisheni zinawaka, pasi na jagi la umeme vinatumika zaidi. Nyumba iliyokuwa inamaliza uniti 65 inaweza kuvuka 75 bila mtu kuona. Soma mita kila tarehe ileile ya mwezi na uandike, utajua uko mbali au karibu na mstari.

Michango

Hapa pana kosa moja linaloharibu bajeti nyingi: mchango huandikwa siku ya kulipa. Uandike siku ya kuahidi. Kadi ya harusi ikiletwa mwezi wa tatu ukaahidi 100,000 ya mwezi wa nane, deni ni la mwezi wa tatu. Tenga ukurasa wa ahadi wenye jina la shughuli, kiasi, tarehe ya mwisho na ulichokwisha toa. Weka humo send-off, kitchen party, kipaimara, maulidi, ujenzi wa kanisa au msikiti na makundi ya WhatsApp ya kamati. Msiba hauna ahadi, unakuja wenyewe. Uwekee makadirio kutokana na mwaka uliopita.

Baada ya mwaka utapata jumla, na mara nyingi inashtua kuliko ada ya shule. Hapo ndipo unaweza kuweka kiwango cha mwaka na kukigawa kwa ukaribu wa watu: wa damu, wa jirani na kazini, na wanaokufahamu kwa sababu namba yako iko kwenye kundi. Ukishastaafu kiwango lazima kishuke, na ni rahisi kukishusha mwaka mmoja kabla ukiwa bado kazini kuliko mwezi wa kwanza wa pensheni, wakati kila mtu amesikia umepata mkupuo.

Visivyo matumizi

Kuna pesa zinazotoka mkononi bila kuwa zimetumika, na ukiziandika kama matumizi daftari litakudanganya kuwa nyumba ni ghali kuliko ilivyo.

Kutoa benki ukaweka kwenye simu ni kuhamisha, si kutumia. Ada peke yake ndiyo matumizi. Hisa ya kikoba ni akiba. Riba ya mkopo wa kikoba, faini ya kuchelewa na soda za kikao ni matumizi. Upatu unaotoa na kupokea kwa zamu unaandikwa kwenye ukurasa wake, unaoonyesha umeshachangia kiasi gani na zamu yako lini. Chakula cha kuku, mbolea, mtaji wa genge: daftari jingine kabisa. Mstaafu mwenye mradi na daftari moja hawezi kujua kama mradi unailisha nyumba au nyumba inaulisha mradi. Kuku wanaweza kumaliza mkupuo huku mwenyewe akiamini wanalipa, kisa mayai yanauzwa kila siku.

Kama nyumba inakula mahindi ya shambani, andika gharama ya kulima, kuvuna na kusafirisha hadi nyumbani kwenye chakula. Kisha jiulize nani atalima ukiwa na miaka 70. Kama jibu ni kibarua, weka bei ya kibarua tangu sasa.

Nani anaandika

Kwenye nyumba ya watu wawili, daftari la mtu mmoja ni nusu ya daftari. Anayekwenda sokoni ndiye anayeandika ya sokoni. Ukiandika tu "hela ya kuacha 10,000" hujui ilinunua nini, na siku ukitaka kupunguza utapunguza usichokijua. Kaeni mara moja kwa wiki, robo saa, mmoja asome na mwingine ajumlishe. Kikao kisiwe cha kuulizana "hii ya nini?" Mwenza akihisi anakaguliwa ataanza kuandika namba za kukufurahisha, na hapo heri msingeandika kabisa.

Vinavyokuja mara moja kwa mwaka

Mwezi mmoja haukufundishi kitu. Miezi mitatu inakudanganya kwa adabu. Inatakiwa miezi 12, ili Januari ya ada, Ramadhani na Idd, Krismasi, msimu wa harusi na msimu wa mvua unaofichua paa, vyote vipite mbele ya daftari.

Kama huna muda wa kungoja mwaka, tengeneza orodha sasa na ugawe kwa 12: kodi ya ardhi, bima ya gari au pikipiki, ada na sare, safari ya kijijini, sikukuu, gari la kunyonya choo. Vinavyodumu miaka mingi gawa kwa miaka yake. Friji ya 900,000 inayotarajiwa kudumu miaka kumi ni 7,500 kwa mwezi. Bati, tangi la maji, godoro, simu, tairi: vivyo hivyo. Kundi hili ndilo watu hulisahau wanapokadiria maisha ya kustaafu, na ndilo linalowarudisha kwenye mkopo mwaka wa tatu.

Ukurasa wa kustaafu

Mwaka ukiisha, chora safu mbili: wastani wa sasa kwa mwezi na makadirio ya baada ya kustaafu. Mfano wa yule mtumishi wa 910,000, anayeishi Morogoro na mwenza wake kwenye nyumba yao:

Chakula: sasa 260,000, baadaye 250,000
Umeme na maji: 38,000, baadaye 45,000
Gesi na mkaa: 32,000, baadaye 35,000
Nauli: 70,000, baadaye 25,000
Simu na ada za miamala: 41,000, baadaye 30,000
Tiba: 20,000, baadaye 50,000
Michango: 65,000, baadaye 40,000
Watoto na ndugu: 150,000, baadaye 50,000
Mkopo: 180,000, baadaye 0
Nyumba, mavazi na vya mwaka: 54,000, baadaye 60,000
Jumla: 910,000, baadaye 585,000

Chakula hakishuki sana. Chakula cha mchana cha kazini kinahamia nyumbani, na nyumba ya mstaafu ina wageni wengi na wajukuu wa likizo. Tiba hupanda hata ukiwa na bima, kwa sababu miwani, meno, dawa za kununua nje na nauli za kliniki hutoka mfukoni. Nenda ofisi ya NHIF kabla ya kutoka kazini ukahakikishe wewe na mwenza wako mnastahili nini, na taarifa zenu zimekaa sawa. Kundi la watoto na ndugu liandike kwa ukweli. Kama mtoto wa mwisho yuko kidato cha pili, usiandike 50,000 kwa matumaini.

Mkopo kuwa sifuri ni sharti, si matarajio. Panga marejesho yaishe angalau miezi sita kabla ya tarehe ya kustaafu, na usikubali kuongezewa mkopo juu ya mkopo katika miaka miwili ya mwisho, hata kama theluthi moja ya mshahara inayotakiwa kubaki bado ipo.

Matumizi 585,000, pensheni 446,897. Pengo ni Sh 138,103 kwa mwezi, yaani 1,657,236 kwa mwaka. Hii ndiyo namba iliyokuwa inatafutwa tangu ukurasa wa kwanza, kwa sababu inakwambia sehemu gani ya mkupuo haiguswi. Tukichukulia kwa mfano faida ya asilimia 8 kwa mwaka, linahitajika fungu la Sh 20,715,000 hivi kuzalisha pengo hilo. Kwa hiyo kwenye mkupuo wa milioni 44.7, milioni 21 zimeshapangiwa kazi kabla hujazungumzia kumalizia nyumba, Noah ya biashara au mtaji wa mwanao. Kiwango halisi cha faida kiangalie siku unayowekeza. Hatifungani za Serikali, yaani pesa unayoikopesha Serikali kwa riba, hulipa mara mbili kwa mwaka, hivyo unatakiwa uwe na ya kuvukia miezi sita ya kwanza, ambayo hapa ni kama 829,000. Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS una mpango wa kulipa gawio kila mwezi, unaokaa vizuri zaidi na mtu wa pengo la mwezi.

Kisha ingiza bei kupanda. Lengo la Benki Kuu ni mfumuko wa bei ukae kati ya asilimia 3 na 5. Kwa asilimia 4, maisha ya 585,000 leo yatagharimu kama 866,000 baada ya miaka kumi. Pensheni ikibaki palepale, pengo linatoka 138,000 na kufika 419,000. Ndiyo maana fungu la milioni 21 linalotumika faida yote kila mwaka halitoshi peke yake. Sehemu ya mkupuo iliyobaki nayo inatakiwa ikue bila kuguswa, au pengo lipunguzwe mapema.

Kwa asiye na pensheni kabisa, mfanyabiashara au mkulima ambaye hajawahi kuchangia mfuko, pengo ni 585,000 yote. Hesabu ni ileile, ila fungu linakuwa kubwa mara nne na zaidi, na ni sababu tosha ya kuulizia uchangiaji wa hiari NSSF ukiwa bado na nguvu.

Jaribu kabla ya siku yenyewe

Mwaka mmoja au miwili kabla ya kustaafu, ishi miezi mitatu kwa kiasi cha pensheni na faida unayotarajia. Mshahara ukiingia, lipa mkopo na ada za watoto, kisha hamisha chote kinachozidi makadirio yako kwenda akaunti isiyo na kadi wala huduma ya simu. Chagua miezi yenye kero, kwa mfano Novemba hadi Januari. Ukijaribu mwezi mtulivu utafaulu mtihani usio wako.

Andika siku pesa ilipoisha. Kama iliisha tarehe 19 ya mwezi wa matumizi, tazama makundi yaliyopita makadirio na urekebishe safu ya pili. Usikimbilie kupunguza chakula, kwa sababu kupunguza huko hakudumu wiki tatu. Anza na ada za miamala, vipimo vidogo vidogo, bodaboda za umbali wa kutembea, na michango ya watu wa mbali. Baada ya hapo ndipo muangalie kama mnahitaji laini nne za simu na king'amuzi kilicholipiwa kifurushi cha juu.

Pensheni ya kwanza inaweza kuchelewa kwa sababu ya nyaraka: barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, majina yanayotofautiana kati ya kitambulisho cha NIDA na kumbukumbu za mwajiri. Rekebisha majina mapema na uombe taarifa ya michango yako kila mwaka, ukaihakiki mwezi kwa mwezi na karatasi za mshahara. Weka kando matumizi ya miezi mitatu, kwa mfano wetu Sh 1,755,000, zikiwa pesa za kutoka siku hiyohiyo, si hisa za kikoba wala ng'ombe.

Ukishaanza kupokea pensheni, endelea na daftari kila siku kwa mwaka wa kwanza, kwa kuwa makadirio ya tiba, umeme na wageni ndiyo huyumba zaidi. Kuanzia mwaka wa pili inatosha kuandika kikamilifu mwezi mmoja katika kila mitatu, pamoja na ukurasa wa ahadi na uniti za umeme kila mwezi. Tarehe ya uhakiki wa wastaafu iandike kwenye jalada, maana usipojihakiki malipo yanaweza kusitishwa. Kurasa za mwisho ziwe za orodha: akaunti, laini za simu, kikoba, hatifungani, wanaokudai na unaowadai, na mwenza wako ajue daftari linakaa kabati gani.